Mji wa Jangwani Hujulikana kwa Kivuli Chake

Machi 2025, Mrithi wa Ufalme wa Saudi Arabia, Mohammed bin Salman, alizindua Ramani ya Usanifu Majengo inayoigawa nchi hiyo katika mitindo 19, kila eneo na sura yake. Majengo mapya yanatakiwa yafanane na asili ya mahali yanapojengwa, kwa kuanzia Makka, Taif, Abha na Al-Ahsa. Nia ni njema, lakini uamuzi huu umeniudhi. Unapaka dawa kwenye ngozi ilhali maradhi yamo mifupani.

Watetezi wake wana hoja. Minara ya vioo imeifanya miji ya Ghuba ifanane, na ramani hii inaahidi maelfu ya ajira. Nakubali pia kwamba ukuta wa rangi ya udongo unapendeza kuliko kioo kinachoumiza macho. Sifa zake zinaishia hapo.

Tujiulize kwa nini nyumba ya kale ya Najd, eneo la kati ya nchi ilimo Riyadh, ilikuwa vile ilivyokuwa. Kuta nene za udongo zilichelewesha joto lisiingie ndani mpaka jua litue. Vitundu vya pembetatu vilipitisha hewa na kuzuia macho ya nje. Vyumba viliuelekea ua. Zaidi ya yote, nyumba ziliegemeana, na njia kati yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba ukuta wa huyu ulimfunika kwa kivuli anayepita mlangoni kwa yule. Aliyepita vichochoro vya Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja anaelewa bila kufafanuliwa. Pembetatu zile zilikuwa tunda la mpangilio huo. Anayechuma tunda na kuuacha mti hana shamba.

Mpangilio huo ndio uliovunjwa Riyadh. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Mgiriki Constantinos Doxiadis alipewa kazi ya kuupanga mji, akauchorea miraba ya kilomita 2 kwa 2 iliyozungukwa na barabara pana za magari. Kanuni za ujenzi nazo zilitaka nyumba irudi nyuma kutoka mpaka wa kiwanja, isimame peke yake. Matokeo yake, jua linaipiga pande zote nne, na baina ya nyumba na nyumba hakuna kivuli cha kumsitiri mtu. Leo mji una watu zaidi ya milioni 7, na joto la kiangazi hupita nyuzi 45. Ibandike nyumba hiyo pembetatu za Najd uwezavyo: kiyoyozi kitaunguruma vilevile, na mwenyewe atawasha gari kwenda kununua mkate.

Wanaonijibu kwa treni na miti wananichosha. Metro ya Riyadh, iliyofunguliwa Desemba 2024, ina njia sita zenye urefu wa kilomita 176, na ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini abiria akishuka kituoni, atafikaje nyumbani kwa miguu? Mpango wa kupanda miti milioni 7.5 nao ni mzuri, ila mti unataka maji, na Riyadh huvuta maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi kutoka pwani ya Ghuba, zaidi ya kilomita 400, hadi mwinuko wa mita 600 hivi. Kichochoro hakinywi hata tone. Mababu walikijua kivuli cha bure, sisi tunaagiza cha gharama huku tukijisifu kwamba tunawaenzi!

Serikali inayotaka utambulisho na ianze na kanuni za viwanja. Iruhusu majirani washiriki ukuta. Ipunguze upana wa njia za mitaani. Irudishe ua katikati ya nyumba. Kisha mtaa mpya upimwe Julai, saa saba mchana: je, bibi mwenye fimbo anaweza kwenda dukani kwa miguu na kurudi salama? Akiweza, huo ni mji wa Najd, hata kama kuta zake hazina pembetatu moja.