Chenji ya mteja hotelini ni mali ya nani?

MSIMU wa kahawa unapoanza katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, sarafu huanza kuadimika kwenye hoteli ndogo za Kanoni na vituo vingine vya biashara. Mkulima aliyelipwa kupitia chama chake cha msingi huchukua fedha zake benki au kwa wakala wa simu, na mara nyingi huhesabiwa noti za sh. 10,000. Akiingia hotelini kula ndizi na maharage, noti hiyo ndiyo anayomkabidhi mhudumu. Jibu analopewa linafahamika: chenji hakuna, subiri kidogo.

Wapo wanaosubiri mpaka ikapatikana. Wapo wanaoambiwa wapitie baadaye, nao hawapiti kwa sababu basi limeshapiga honi au boda boda anadai fedha yake. Wengine hupewa pipi mbili au kiberiti badala ya sarafu, kana kwamba waliagiza. Na wapo, hasa vijana wenye fedha ya msimu mfukoni, wanaosema chenji ibaki. Kwa anayetazama kutoka meza ya pili mambo yote haya yanafanana, maana mwisho wake ni mhudumu kubaki na fedha. Lakini kiuchumi na kisheria hayafanani hata kidogo.

Bakshishi ni zawadi. Mteja huitoa baada ya kurudishiwa chenji yake yote, akiwa ameiona na kuihesabu. Fedha iliyobaki kwa sababu mteja alichoka kusubiri haina sifa hiyo. Ni deni ambalo hoteli haijalilipa, na anayeliita asante anajidanganya.

Tuchukue hesabu ndogo. Mteja amekula mlo wa sh. 3,500, akatoa noti ya sh. 5,000. Anarudishiwa sh. 1,000 na kuambiwa kuwa jero haipo. Kwa mteja huyo, mlo umepanda hadi sh. 4,000, yaani ameongezewa bei kwa zaidi ya asilimia 14 bila mwenye hoteli kubadilisha chochote kwenye orodha ya bei iliyoandikwa ukutani. Mkulima huyo huyo, gramu zake za kahawa zikipotea kwenye mizani, hupiga kelele mpaka katibu wa chama atoke ofisini. Hotelini huona haya kudai sh. 500 mbele za watu.

Haya hiyo ina mizizi yake. Kwa mila za huku, mgeni hupokewa kwa kahawa ya kutafuna na chakula, wala halipi. Gulioni nako desturi ni kwamba anayepokea fedha ndiye anayetoa kitu cha ziada. Ukinunua maharage kwa kopo, muuzaji humalizia kwa kiganja cha nyongeza, na asipotoa nyongeza atasemwa. Bakshishi inakuja kinyume: anayelipa ndiye anayetakiwa kuongeza. Ndiyo maana mzee wa Kanoni anayeondoka bila kuacha kitu mezani asihukumiwe kuwa bahili. Kwa hesabu alizokulia, yeye ndiye alistahili kuongezewa mchuzi.

Wanaotaka kulinganisha na nje waangalie vizuri wanacholinganisha. Marekani mteja hutarajiwa kuacha kati ya asilimia 15 na 20 ya bili, lakini huko sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu mwaka 1991, ili mradi bakshishi ijazie mpaka kima cha chini cha kawaida. Kwa maneno mengine, Marekani mteja hulipa sehemu ya mshahara. Hapa kwetu sheria haikumpa mteja mzigo huo.

Je, mshahara wenyewe ukoje? Amri ya Mishahara ya mwaka 2013 ilitaja sh. 130,000 kwa mwezi kuwa kima cha chini kwa watumishi wa migahawa, nyumba za wageni na baa. Amri za mwaka 2022 na 2025 zilikuja baadaye na kupandisha viwango, lakini tuitumie ile ya 2013 kwa hesabu rahisi: kwa siku 26 za kazi, ni sh. 5,000 kwa siku. Mhudumu akibakiza sh. 500 kwa wateja wanne tu kwa siku, amejiongezea sh. 2,000, sawa na asilimia 40 ya ujira huo. Hakuna mwajiri anayetoa nyongeza ya namna hiyo. Na hapo tunazungumzia aliyelipwa kwa mujibu wa amri. Wahudumu wengi wa hoteli za vijijini hawana mkataba. Wanalipwa kwa siku, wanakula hapo na wengine wanalala hapo.

Kuna upande mwingine ambao wateja hawauoni. Jioni mwenye hoteli anapohesabu mauzo, upungufu wowote hubebeshwa mhudumu. Mteja aliyekula na kutoroka, sahani iliyovunjika, noti bandia iliyopokelewa kwenye msongamano wa siku ya gulio, vyote hukatwa kwake. Mhudumu anayejua kuwa jioni atakatwa, mchana hujikinga kwa kubakiza chenji. Ni bima yake, inayolipiwa na mteja asiyehusika.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, imeweka mipaka hapo. Mwajiri haruhusiwi kukata fidia ya hasara kwenye ujira mpaka hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, apewe maelezo ya deni kwa maandishi, na apewe nafasi ya kujitetea. Kiasi kinachodaiwa kisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Kukata ujira wote wa siku kwa sababu mteja amekimbia bila kulipa hakuingii popote kwenye masharti hayo. Nathubutu kusema kuwa kifungu hiki kikibandikwa jikoni kwenye hoteli zetu, matatizo ya chenji yatapungua kuliko kwa kuwakemea wahudumu.

Lawama nyingine ni ya mwenye hoteli moja kwa moja. Wapo wanaofungua mlango saa 12 asubuhi bila kuacha hata sh. 5,000 ya chenji ya kuanzia. Mteja wa kwanza akija na noti kubwa kwa kikombe cha chai, msichana hutumwa dukani kuvunja, na mwenye duka naye hakubali bila kununuliwa kitu. Sarafu zipo. Zinakusanywa kila Jumapili kwenye sadaka za makanisa, zipo kwa makondakta, na benki zilizopo Kayanga ni mahali pa kuziulizia. Tatizo ni kwamba kuzitafuta ni kazi, na mwenye hoteli haoni sababu ya kuifanya wakati hasara inaangukia kwa mteja.

Sh. 500 yenyewe ilibadilishwa na Benki Kuu kuwa sarafu mwaka 2014, kwa kuwa noti yake ilikuwa ikichakaa haraka. Noti za sh. 500 ziliondolewa kwenye mzunguko, na muda wa kuzibadilisha ulimalizika Aprili 5, 2025. Kwa hiyo mhudumu anayekurudishia noti hiyo leo hajakupa chenji, amekupa kumbukumbu.

Huko Kyerwa, kwa wafanyabiashara wanaotumia mpaka wa Murongo, suala lina mkanda wa pili. Mteja hulipa kwa shilingi za Uganda na kurudishiwa za Tanzania, kwa kiwango anachokijua mhudumu peke yake. Tofauti inayobaki hapo haiitwi hata bakshishi.

Kwenye baa suala hili lina sura mbaya zaidi, nalo linastahili kusemwa wazi. Wengi wa wahudumu wa baa ni wasichana. Mteja anayeacha sh. 3,000 juu ya meza, baada ya chupa ya tatu hujiona amenunua haki ya namba ya simu, na wakati mwingine zaidi ya hapo. Mshahara ukiwa mdogo, msichana hana nguvu ya kuikataa fedha hiyo, na akiipokea hana nguvu ya kumkataa mtoaji bila kutukanwa. Mwenye baa anayesema kuwa wahudumu wake wanaishi kwa bakshishi, kwa hiyo haoni haja ya kuwalipa vizuri, ajue anachokisema.

Malipo kwa simu yanaonekana kama dawa. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, na hasa baada ya namba za lipa kusambaa, mteja anaweza kulipa sh. 3,500 kamili bila kuuliza jero iko wapi. (Mfumo wa Benki Kuu unaounganisha malipo ya papo kwa papo unaitwa TIPS, lakini jina hilo lisimpe mhudumu matumaini.) Chenji ikiondoka, bakshishi inaondoka nayo. Na mteja mkarimu anayetuma sh. 4,000 badala ya 3,500 anaipeleka ziada kwenye namba ya mwenye hoteli. Mhudumu aliyemletea maji ya kunawa haioni, wala mpishi aliyeamka saa 10 usiku kumenya ndizi.

Uingereza walikumbana na jambo la namna hiyo pale malipo ya kadi yalipozidi fedha taslimu, wakatunga sheria mwaka 2023, iliyoanza kutumika Oktoba 1, 2024, inayomtaka mwajiri kuwagawia wafanyakazi bakshishi yote kwa haki bila kujikatia. Kwa hoteli ya Kanoni yenye meza tano, daftari lenye safu moja ya fedha za ziada zilizoingia kwa simu linatosha, zikagawanywa Jumamosi jioni mbele ya wote, jikoni wakiwamo.

Kwa upande wa mhudumu, upo ujuzi wa kazi ambao wakongwe wanaufahamu. Chenji ya sh. 1,500 hurudishwa yote, kwenye kisahani, ikiwa imevunjwa: noti ya 1,000, sarafu mbili za 200 na moja ya 100. Haulizwi mteja kama anahitaji chenji, kwa sababu swali hilo humlazimisha aidha kuonekana mchoyo au kutoa asichokusudia. Anayerudishiwa chenji iliyovunjwa ana kitu cha kuacha akipenda. Anayekabidhiwa noti moja nzima huiweka mfukoni na kuondoka. Wanaofanya hivyo hupata sh. 200 hapa na 300 pale, na mteja wa gulio la wiki hii humwona tena gulio la wiki ijayo.

Asiyerudi huhamia hoteli ya jirani, na mwenye hoteli hubaki akidhani ni mchuzi ndio uliomkimbiza.