Kielekezi, Faharasa na Umbali: Maoni juu ya Istilahi za Kutafuta katika Safu

Mjadala juu ya istilahi za kompyuta katika Kiswahili umepoteza nguvu nyingi katika jina la mashine yenyewe. Watetezi wa kompyuta, tarakilishi na ngamizi wamekwisha kutoa hoja zao, na yumkini hawatakubaliana. Wakati huohuo, dhana zinazomtatiza mwanafunzi ndani ya mashine hiyo zimeachwa zijitafutie majina. Makala haya yanachukua dhana moja tu, hesabu ya vielekezi, na kudai kwamba kuziita nafasi na umbali kwa neno moja, faharasa, ni kosa la kiisimu lenye madhara ya kifedha.

Ichukuliwe safu ya madeni ya wateja 1,000 wa duka la jumla, iliyopangwa kwa namba za akaunti kuanzia ndogo, kila rekodi ikiwa na baiti 64. Katika lugha ya C, iliyoundwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, jina la safu likiingizwa katika hesabu hugeuka kuwa kielekezi cha rekodi inayotangulia. Kukiongezea kielekezi hicho 1 si kusogea baiti moja, bali rekodi nzima, yaani baiti 64. Maandishi a[i] nayo ni ufupisho tu wa *(a + i): anza kwenye a, songa hatua i, soma kilichopo. Rekodi inayotangulia ina 0 kwa sababu hakuna hatua iliyopigwa. Anayefundishwa kuwa i ni "namba ya rekodi" ataandika 1 kwa mteja wa kwanza, na deni la mteja mmoja litasomwa kwa jina la mwingine. Mashine hailalamiki. Hesabu hutoka safi kabisa, ila ni ya mtu mwingine.

Lugha ya COBOL, iliyoasisiwa mwaka 1959 kwa ajili ya kazi za biashara, hatimaye ilizitenga dhana hizi mbili. Ina namba ya nafasi, inayoanzia 1, na kando yake ina faharasa inayotangazwa pamoja na jedwali, ambayo kwa ndani aghalabu huhifadhi umbali kutoka mwanzo wa jedwali. Faharasa hiyo husogezwa kwa amri yake maalumu, SET, wala si kwa amri ya kawaida ya kujumlisha. Lugha ya makarani, kama wengine walivyoibeza, imekuwa makini kuliko istilahi zetu.

Wapo watakaosema kwamba Mswahili huhesabu kuanzia moja, na kwamba sifuri ni ugeni. Hoja hiyo haitazami sarufi. Katika "cha kwanza" hamna "moja". Neno limetokana na kitenzi kuanza. Kipengele kilicho umbali wa 0 ni cha kwanza bila ukinzani wowote, kwa kuwa ndicho kinachoanza. Ukinzani huzuka tu pale kinapoitwa "kipengele namba moja". Aidha, saa za Kiswahili ni hesabu ya umbali: saa tatu asubuhi ni saa tatu zilizokwisha kupita tangu kumi na mbili. (Kwamba hapana "saa sifuri" ni kweli, lakini mwanzo upo, na kila mtu anaujua.)

Faida ya kutenganisha maneno huonekana zaidi katika utafutaji kwa kugawa nusu. Mteja mmoja kati ya 1,000 hupatikana kwa ulinganishi usiozidi 10, badala ya kupekua rekodi moja moja. Shida ni kuipata rekodi ya katikati. Katika C vielekezi viwili vya safu moja huweza kutolewa, na jibu ni umbali, haviwezi kujumlishwa. Kutoa Kibaha katika Chalinze, kwenye barabara ya Morogoro, huleta masafa. Kuvijumlisha hakuleti mji wowote. Hivyo katikati hupatikana kwa kuuongezea mwanzo nusu ya umbali. Wanaotumia namba tupu huzijumlisha ncha mbili na kugawa kwa 2, na jumla hiyo huweza kufurika. Mwaka 2006 Joshua Bloch alitangaza kosa hilohilo ndani ya maktaba ya lugha ya Java. Neno "umbali" lingemzindua mwanafunzi mapema.

Pendekezo, basi, ni "namba ya nafasi" kwa kile kinachoanzia 1, "umbali" kwa kile kinachoanzia 0, na faharasa irudi kwenye vitabu. Kuhusu "kionyeshi", ambacho baadhi hukipendelea badala ya "kielekezi", hapana budi kukataa. Kionyeshi ni mali ya sarufi tayari, na hiki, hicho na kile hudai kuwapo kwa kitu kinachoonyeshwa. Kielekezi cha C kinaruhusiwa kufika hatua moja baada ya kipengele cha mwisho, ambako hapana kitu. Kinachokatazwa ni kusoma hapo.