Fungate ya Barabarani, Nani Atamwaga Ndoo?



Ijumaa iliyopita alikuja kwangu hapa Madungu mtoto wa kaka yangu, ambaye harusi yake ni Mfungo Mosi inshaallah. Tulikuwa tunapiga pindo mashuka yake. Katikati ya kazi akanisogezea simu. Nikaona gari kubwa nyeupe imesimama karibu na bahari Hispania, mlango wa nyuma wazi, kitanda kinatazama maji, bibi na bwana wanakunywa kahawa. Ndani mna jiko, choo, bomba, kila kitu.

"Shangazi, hii ndiyo fungate," akasema. "Si kukaa ndani siku saba nalishwa kuku."

Nilicheka, lakini sikumkatalia. Nilimwambia jambo moja tu: "Hiyo video mwanangu haijakuonesha nani anamwaga choo."

Nalijua hilo kwa wifi yangu anayeishi Uingereza. Mwaka jana yeye na mumewe walikwenda Hispania wakakodi gari kama hiyo, wakaifuata pwani ya kusini wiki mbili, kutoka Almería mpaka Algeciras. Mji huo wa Algeciras jina lake limetokana na Kiarabu, al-Jazira al-Khadra, kisiwa cha kijani. Jina hilo hilo ndilo Waarabu walilokipa kisiwa chetu cha Pemba. Basi kila usiku wifi alikuwa akinitumia sauti kwenye simu, na mimi nasikiliza huku nachambua mchele.

Maisha ya mle ndani ni ya kuhesabu. Tangi la maji safi ni kama lita mia moja, na humo mna kupika, kuosha vyombo, kuoga na kutawadha. Chini ya choo kuna sanduku la kama lita ishirini. Kila baada ya siku mbili tatu lazima mtu alivute, alibebe, akalimwage mahali palipowekwa kwa kazi hiyo. Na ule ufukwe wa kwenye video si wa kila mtu kujitandazia. Sheria ya pwani ya kule inakataza kupiga kambi ufukweni. Kuegesha gari panaporuhusiwa na kulala ndani ni jambo moja. Ukitoa viti, meza na turubai nje, hapo unahesabiwa umepiga kambi, na faini inaweza kukufika.

Ibada nayo ilitaka akili. Sisi Pemba Makka iko kaskazini yetu moja kwa moja, hatuulizani. Kule kibla ni mashariki, na gari kila siku imeelekea upande wake, kwa hiyo kila wanaposimama wanaanza kutafuta. Maji ya udhu ndiyo yaliyomfundisha zaidi. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita, na akikoga josho kwa pishi moja mpaka mudi tano, yaani kama lita tatu. Wifi anasema maisha yake yote aliisoma Hadithi hiyo, lakini aliielewa siku aliyotawadha kwa kikombe ndani ya gari.

Siku ya nne ukatoka ugomvi. Alikuwa amepika asubuhi, amepika mchana, ameosha vyombo kwenye beseni dogo, amekunja kitanda ili ipatikane meza, kisha amekunja meza ili kipatikane kitanda. Mumewe yuko nje anapiga picha za jua linavyozama. Akamuita akamwambia, "Mimi sikuja kutembea. Nimehamisha jiko langu." Na gari haina chumba cha pili cha kwenda kununia. Wakakaa kimya, goti kwa goti, mpaka yule bwana akainuka, akavuta lile sanduku la choo akaenda kulimwaga. Kesho yake chapati alichoma yeye. Ziliungua, wakazila.

Mimi naona siku hiyo ndiyo iliyokuwa safari yao. Zile nyengine zilikuwa picha.

Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (r.a.), mtu alipomsifu mtu mwengine mbele yake, alimuuliza kama amewahi kusafiri naye, kwa sababu safari ndiyo inayofichua tabia. Dada zangu ambao bado hamjaolewa, swali hili mlitumie kabla ya nikahi. Sisemi ukasafiri na mchumba, hasha. Mtume baba au kaka akawaulize waliosafiri naye: aliolala nao dakhalia, aliokwenda nao dago. Wavuvi wetu wanakaa dago wiki nzima kwa dumu la maji na sufuria moja. Huko hakuna mama wala dada wa kumpikia mtu. Wenzake wanajua fika nani huchota maji bila kuambiwa na nani hujifanya kalala. Sisi tunauliza ukoo, kazi na nyumba. Hilo la maji hatuliulizi.

Kisha baada ya nikahi, omba safari. Hapa ndipo nitakapogombana na mama zangu. Najua fungate ni ya ndani, na siidharau. Siku saba za kupumzishwa na kutunzwa ni heshima ya bi harusi. Lakini katika siku hizo saba kila kitu kinaletwa na wengine, kwa hiyo mume humjui na yeye hakujui. Mnaonana mmejipamba tu. Siku ya nane tokeni.

Gari ya Hispania si lazima. Noa ya kukodi inatosha, mkeka, birika, dumu la maji na jiko dogo la gesi. Nendeni kaskazini, mpite msitu wa Ngezi, mkae Vumawimbi mpaka alasiri, mkauone mnara wa Kigomasha, mlale nyumba ya wageni ya heshima au kwa jamaa. Siku nyengine shukeni Wesha mchukue boti ya Misali. Na mtasali kamili, maana kwa wanavyuoni wetu safari ya kupunguza sala ni kama kilomita themanini kwenda, na ukitoka Madungu huko kote hakufiki.

Ila sharti langu ni moja: mgawane kazi kabla gari haijawashwa. Mmoja akipika, mwengine anaosha. Hilo si jambo la Kizungu. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia ahli zake. Na ni yeye huyo huyo aliyeshindana naye mbio safarini, akamshinda, na siku nyengine akashindwa. Mchezo na huduma vilikuwa nyumba moja.

Mwanangu yule aliniuliza mwisho, "Sasa shangazi, niombe safari au nikae kimya? Kwao wameshasema pesa ziende kwenye ukumbi."

Nilimwambia ukumbi ni saa tano, na wanaoufaidi ni wageni. Omba siku tatu. Ukifika huko usitazame bahari tu. Ndoo ikijaa, tulia kidogo uone nani atainuka. Akiinuka yeye, mshukuru Mola wako. Asipoinuka, mwambie kwa upole siku hiyo hiyo, huku mko wawili, kabla hujazoea kuinuka peke yako miaka ishirini.

Allah awajaalie maharusi wetu wote mapenzi na huruma. Amin.