Kazi ya Bure Si Mafunzo

Ndugu wanachama, na ninyi wafanya kazi wote mtakaosomewa karatasi hii,

Twaandika habari ya watoto wetu waliosomea kazi ya magazeti, redio na televisheni, na wale wanaotafuta kazi katika mashirika ya misaada. Huenda mtu akasema, sisi ni watu wa reli, mambo ya redio yatuhusu nini? Twamwomba asome mpaka mwisho, maana yamhusu yeye na mfuko wake, na tena yahusu jinsi jina lake litakavyotangazwa siku ya mgomo.

Hapa kwetu Dundori yuko mzee mmoja aliyetumika katika genge la kutengeneza njia ya reli mpaka akastaafu. Hatumtaji jina, maana ni mtu wa haya. Binti yake alisoma, akafaulu, akaenda chuoni akapata diploma ya uandishi wa habari, na sote tukafurahi pamoja naye. Katika masomo yale yamo mafunzo ya nyanjani ya miezi mitatu, naye akayafanya katika kituo kimoja cha redio mjini Nakuru. Miezi mitatu ikaisha. Akaambiwa, "Wewe wafanya vizuri, kaa kidogo upate uzoefu." Akakaa. Alikuwa akiamka saa tisa ya usiku, akapanda matatu ya kwanza ya kushuka Lanet katika baridi tunayoijua sote, ili awahi habari za saa kumi na mbili asubuhi. Alitumwa mahakamani, alitumwa sokoni, alitumwa kwenye mikutano ya wakubwa, na sauti yake tukaisikia jikoni mwetu kila siku. Baba yake aliuza kondoo mmoja, akauza wa pili, akauza wa tatu, yote kwa ajili ya nauli. Mwezi wa kumi na moja alipouliza habari ya mshahara, alipewa barua ya kumshukuru, na kiti chake akapewa mwingine aliyekuja na nauli yake mwenyewe.

Basi akajaribu shirika moja la misaada. Huko akaambiwa kazi ni ya kujitolea. Alipiga picha, aliandika ripoti, akatembea vijijini na daftari, na ripoti zile zikapelekwa ng'ambo kwa wenye fedha. Gari la shirika lilikuwa na dereva anayelipwa, na mlango ulikuwa na mlinzi anayelipwa. Aliyeandika ripoti iliyoleta fedha za kuwalipa wote hao hakulipwa kitu.

Twauliza, je, haya ndiyo mafunzo?

Sisi wa reli twajua mafunzo ni nini. Chuo cha reli cha Nairobi kimekuwako tangu mwaka 1956. Wazee wetu waliojifunza ufundi katika karakana walitia sahihi mkataba, wakajua watafundishwa miaka mingapi, na nani atawafundisha, na mwisho wa mwezi watapata nini. Fedha zenyewe zilikuwa kidogo, na mabwana wa siku zile hawakuwa watu wa huruma. Hata hivyo walijua ya kuwa kijana mwenye njaa hawezi kushika nyundo sawasawa, na akiishika vibaya atavunja chombo. Siku hizi mkubwa wa redio ambaye anajiita rafiki wa vijana hajui jambo ambalo msimamizi wa karakana alilijua zamani za ukoloni.

Tena sisi wa Dundori tuna mfano wetu. Kila mkulima wa viazi hapa aijua lumbesa, lile gunia linalofungwa kilemba juu, mnunuzi akalipa gunia moja na kuchukua moja na nusu. Tulipiga kelele miaka mingi, mpaka kanuni za mwaka 2019 zikasema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Wako wanaoivunja kanuni hiyo hata leo, lakini angalau mkulima ana kipimo cha kuonyesha. Kazi ya mwanagenzi haina kipimo. Afunga gunia la mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kilemba kinaongezwa juu mpaka mwaka uishe, naye halipwi hata gunia la kwanza.

Sasa tusikilize maneno ya mabwana, maana hatutaki kusemwa kuwa tumewahukumu bila kuwasikia.

Wasema kwanza, "Sisi twampa ujuzi, na ujuzi una thamani kuliko fedha." Twajibu, ujuzi alioupata ni katika miezi mitatu ya kwanza. Baada ya hapo alikuwa akisoma habari yeye peke yake, bila mtu wa kumsahihisha. Mtu anayefanya kazi nzima bila mwalimu si mwanafunzi tena, ni mfanya kazi.

Wasema pili, "Hatuna fedha." Twajibu, kituo kinachouza matangazo ya sabuni na mbolea saa kumi na nane kwa siku kina fedha. Tena sheria ya mafunzo ya viwandani yamtaka mwajiri alipe shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanya kazi, zipelekwe kwa Mamlaka ya Mafunzo ya Viwandani, yaani NITA, na mwajiri anayelipa aweza kudai arudishiwe gharama ya kufundisha watu wake. Nani kati yao ameuliza?

Wale wa misaada wasema, "Sisi hatutafuti faida." Twajibu, kondakta wa matatu hamwulizi abiria kama bwana wake atafuta faida au hatafuti. Nauli ni ile ile. Sheria mpya iliyoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024 yawaita mashirika ya manufaa ya umma. Binti wa mtu wa genge ni umma pia. Manufaa yaanze kwake.

Tena wasema, "Tangu Marekani wakate misaada, hali ni ngumu." Hili ni kweli, wala hatulikatai. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lao la USAID likakoma. Wakenya wengi waliokuwa wakilipwa kwa fedha zile walirudi nyumbani, na sasa mtu mwenye uzoefu wa miaka kumi asimama katika mstari mmoja na kijana wetu. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kusema sasa. Kazi zikipungua, wale wanaoweza kufanya bure mwaka mzima ndio watakaobaki mlangoni, na hao si watoto wa Dundori.

Wasema mwisho, "Asiyetaka aondoke, wengine mia wanangoja." Neno hili twalijua sana. Ndilo waliloambiwa vibarua wa reli, na wapagazi wa bandari ya Mombasa, na wachuma majani wa Kericho, kabla hawajawa na chama. Wengine mia wanangoja kwa sababu hawajakutana. Siku watakapokutana, neno hilo litakwisha.

Ndugu, sheria ipo. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mtu haki ya kutendewa sawa kazini, na kila mfanya kazi haki ya ujira wa haki na ya kuingia chama. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamhesabu hata mwanafunzi wa kazi mwenye mkataba kuwa mwajiriwa. Sheria hiyo hiyo yasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, ahesabiwe kama mwajiriwa wa mwezi. Basi mabwana wakatafuta jina lingine. Kibarua ana sheria yake, kwa hiyo huyu aitwa mwanagenzi, na kwa jina hilo anyimwa hata haki ya kibarua.

Wako waliokwisha kulipinga jambo hili. Madaktari wa Kenya waligoma siku 56 mwaka 2024, tangu Machi mpaka Mei, na moja katika madai yao makubwa lilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi. Serikali ilitaka kuwapa shilingi 70,000 kwa mwezi, na mkataba wa mwaka 2017 ulisema zaidi ya 200,000. Mwisho wa Disemba mwaka huo serikali ikakubali kulipa kama mkataba ulivyosema. Walimu wanagenzi wa sekondari ya chini walikwenda mahakamani, na Aprili 2024 Mahakama ya Ajira ikasema ya kuwa kumwandika mwalimu aliyehitimu kama mwanagenzi ni kuvunja haki yake. Wakagoma mwezi wa Mei, na mwaka 2025 ulipoanza maelfu yao wakaandikwa kwa masharti ya kudumu. Madaktari na walimu hawakupewa haki kwa sababu ya elimu yao, maana hata huyu binti wetu ana elimu. Walipata kwa sababu walikuwa pamoja.

Labda mtu auliza tena, lakini kwa nini chama cha reli kijali ni nani asomaye habari? Twamjibu kwa mambo mawili.

La kwanza, mtoto asiyelipwa hulipwa na baba yake. Wale kondoo watatu walitoka katika malipo ya uzeeni ya mtu wa reli. Maana yake kituo kile cha redio kilikuwa kikila pensheni ya mwanachama wetu kila asubuhi, na chama hakikujua.

La pili, siku ya mgomo ni nani anayeandika? Anakuja kijana na kinasa sauti, hajala tangu jana, na mkubwa wa kazi ana bahasha mfukoni. Sote twajua habari ya bahasha, na ni rahisi kumlaumu kijana. Sisi twasema mwenye kosa ni yule aliyemtuma bila nauli. Na kijana asiyepokea bahasha, ambaye ana pesa za kwao, mara nyingi hajapata kukaa katika nyumba ya mfanya kazi, wala hajui mwisho wa mwezi una urefu gani. Hivyo habari zetu huandikwa na mwenye njaa au na asiyeijua njaa, na zote mbili hutoka zimepinda.

Wazee wa vyama waliyajua haya. Makhan Singh, aliyeongoza Labour Trade Union of Kenya tangu miaka ya 1930, alikuwa mtu wa kupiga chapa katika kiwanda cha baba yake hapo Nairobi, naye alijua ya kuwa chama kisicho na karatasi yake hunenewa na wengine. Serikali ya kikoloni ilimzuia tangu 1950 hata 1961. Tom Mboya alisomeshwa Ruskin, chuo cha wafanya kazi huko Oxford, mwaka 1955 na 1956. Na mwaka 1958 vyama huru vya dunia vilifungua chuo cha wafanya kazi Kampala. Mwaka 1959 vijana wetu walikuwa wamepata nafasi katika vyuo vya Marekani, lakini nauli hawakuwa nayo. Mboya na wenzake walikodi ndege, na ile ya kwanza ikachukua wanafunzi 81. Tazameni jambo hili vizuri. Mlango ulikuwa wazi na akili walikuwa nazo, kilichokosekana ni nauli tu. Miaka zaidi ya sitini imepita, na mtoto wa Dundori bado azuiwa na nauli, si ya kufika Marekani, bali ya kufika Nakuru.

Kwa hiyo twataka mambo haya yajadiliwe katika mkutano wa tawi na kupigiwa kura.

Moja, mwanafunzi aliye katika mafunzo ya nyanjani apewe nauli na chakula cha mchana tangu siku ya kwanza.

Pili, miezi mitatu ikiisha, aandikwe kwa barua yenye mshahara au aachwe aende zake. Pasiwe na neno la "kaa kidogo".

Tatu, kila shirika la misaada liombapo fedha ng'ambo liandike mshahara wa mwanagenzi katika hesabu yake, kama liandikavyo petroli ya gari.

Nne, chama chetu kikiandikie Chama cha Waandishi wa Habari cha Kenya, ili tushirikiane kuwaingiza hawa vijana chamani wangali wanajifunza.

Tano, na hili latuhusu sisi wenyewe. Karatasi hii huandikwa na mtu mmoja usiku baada ya kazi, naye hapewi hata pesa za chai. Hatuwezi kumtolea mwenzetu kibanzi jichoni na sisi tuna boriti. Chama kitenge sehemu ya ada zetu, kilipe vijana wawili kila mwaka, watoto wa wanachama, wajifunze kuandika, kupiga picha na kunasa sauti katika karatasi hii na katika mikutano yetu. Wakitoka hapa waende popote na barua ya chama, na watakaobaki watatuandikia habari zetu.

Tulipokuwa shule ya misheni tulifundishwa ya kuwa hata ng'ombe anayepura nafaka huachwa naye ale. Mabwana wengi wa redio na wa misaada walipita shule kama zile. Wakumbuke somo lile, na wakilisahau, chama kiwakumbushe.

Yule binti sasa yuko nyumbani, anapanda viazi pamoja na mama yake. Redio yake ameifungia sandukuni. Mkutano ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa nane ya mchana. Baba yake ameahidi kuja. Naye kila mwanachama aje, ili mzee asimame mbele ya watu wengi.

Ni sisi wafanya kazi wa reli tukaao Dundori.