Nani Aliifilisi New Communities?

Katika mijadala yetu ya darasani kuna hoja isiyochoka kurudi: mali ya wote haina mwenyewe, kwa hiyo mwanakijiji apewe hati yake, aende benki, akope, ajitegemee. Ukitetea ardhi ya jumuiya unaulizwa vijiji vya ujamaa viliishia wapi. Lakini Operesheni Vijiji ya Tanzania ilihamisha watu kwa amri ya serikali. Mimi naomba tuwatazame watu waliojiunga kwa hiari yao, tena waliokuwa na kiu ya ardhi kuliko sisi: Wamarekani Weusi wa jimbo la Georgia.

Hao walikwisha kuijaribu njia ya hati. Mwaka 1865 baadhi ya walioachiwa huru utumwani waligawiwa ardhi ya pwani kwa amri ya Jenerali Sherman, na kabla mwaka haujaisha Rais Andrew Johnson akaagiza irudishwe kwa mabwana wa zamani. Hata hivyo, kufikia 1910 wakulima Weusi walikuwa wamejinunulia takriban ekari milioni 15, kila mmoja kwa jina lake. Leo sehemu kubwa ya ardhi hiyo imewatoka. Nyingine ilitwaliwa kwa vitisho, nyingine kwa madeni, na nyingine kwa njia ya kisheria kabisa. Mzee anakufa bila wosia, maana mahakama za Wazungu hakuziamini. Watoto na wajukuu wanakuwa wamiliki kwa hisa. Mjukuu mmoja aliyezaliwa Chicago, ambaye huenda hajawahi kulikanyaga shamba, anauza hisa yake kwa mfanyabiashara. Mfanyabiashara anakwenda mahakamani kuomba mgawanyo, mahakama inaamuru shamba zima lipigwe mnada, na mwenye fedha taslimu siku ya mnada ni yeye yule.

New Communities, iliyoanzishwa mwaka 1969 karibu na mji wa Albany, iliundwa kuziba mwanya huo. Charles Sherrod, mkewe Shirley, Slater King na wenzao walikuwa wameona familia zikifukuzwa katika mashamba ya Wazungu kwa kosa la kujiandikisha kupiga kura. Mpango wao ulikuwa huu: ardhi imilikiwe na shirika, familia ipangishwe kwa mkataba mrefu, nyumba na mavuno viwe vyake. Mrithi angerithi nyumba. Udongo asingeweza kuuuza. Anayesema ardhi ya pamoja haina mwenyewe asome mpango huo tena.

Walipata zaidi ya ekari 5,700, shamba kubwa kuliko yote yaliyomilikiwa na watu Weusi nchini humo wakati ule. Walilima mahindi, karanga na soya, wakafuga nguruwe, wakauza mazao yao kando ya barabara kuu. Lakini shamba lilinunuliwa kwa mkopo. Serikali ya shirikisho ilitoa fedha za kupanga. Fedha za kutekeleza, ambazo walizitegemea, hazikuja, na Gavana Lester Maddox alikuwa mpinzani wao. Ukame ulipofika, waliomba mkopo wa dharura kwenye ofisi ya serikali iliyokuwa ikiwakopesha wakulima. Majirani zao Wazungu walisaidiwa, wao walizungushwa. Mwaka 1985 shamba likapotea.

Sasa niambie, ndugu yangu, hapo umoja ulikosea wapi? Mwaka 2009 madai yao yalikubaliwa kuwa ni ya ubaguzi, wakapewa fidia ya takriban dola milioni 12. Na ofisi hizo hazikuwabagua wao tu. Maelfu ya wakulima Weusi waliolima kila mtu kivyake walilipwa kutokana na kesi ya Pigford, iliyosuluhishwa mwaka 1999. Kulima kivyao hakukuwafungulia mlango wa mkopo.

Nina ugomvi pia na wenzangu wa upande wangu, wanaoitaja ardhi ya jumuiya kana kwamba kuitaja kunatosha. Katiba ya shirika humzuia mjukuu wa Chicago; mdai haimzuii. Mwaka huohuo wa 1969, Fannie Lou Hamer alianzisha Freedom Farm katika wilaya ya Sunflower, Mississippi, kwa ekari 40 zilizoongezeka hadi mamia. Iliendeshwa kwa misaada, na misaada ilipokauka katikati ya miaka ya sabini, ikafa. Kilichonivutia zaidi huko ni benki ya nguruwe: familia ilipewa nguruwe jike, akizaa ikarudisha baadhi ya watoto ili familia nyingine ipewe. Mtaji huo haukupitia dirisha la afisa yeyote. Hapa kwetu Uganda, Sheria ya Ardhi ya 1998 inaruhusu wanajamii kuunda chama cha ardhi ya pamoja. Kabla ya kubishana iwapo chama hicho ni cha kizamani, tuulize kitakopa kwa nani, na kitaweka nini dhamana.

New Communities walipopata fidia hawakugawana wakatawanyika. Mwaka 2011 walinunua tena shamba karibu na Albany, ekari 1,638, lililowahi kuwa la mmoja wa wamiliki wakubwa wa watumwa katika Georgia. Ni chini ya theluthi ya lile walilopoteza.