Biskuti Si Chakula cha Mtoto Safarini

Leo naomba niyaache yale makubwa tuliyozoea kuyajadili katika ukurasa huu, niseme habari ya mfuko wa mama anayesafiri na mtoto. Msicheke.

Mwezi uliopita nilipanda basi Dar es Salaam kwenda Iringa pamoja na binti yangu na mwanawe, mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Tulipofika Msamvu, Morogoro, wachuuzi walizunguka madirisha, na mimi babu, kwa kujiona mkarimu, nikamnunulia mjukuu soda na pakiti ya biskuti. Mama yake akasema, "Baba, nimemchukulia viazi." Nikamjibu kuwa viazi atavikuta nyumbani. Mtoto akanywa, akafurahi sana. Tulipokuwa twapanda Kitonga akayatapika yote juu ya kanzu yangu, na jioni akakataa chakula. Twaona basi nani alikuwa na akili katika basi lile.

Lakini jambo hili si la mzaha. Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika mkoa wa Iringa walikuwa zaidi ya nusu. Iringa! Mkoa wenye mahindi, viazi, maharagwe na maziwa! Hatuwezi kusema kuwa ghala ni tupu. Sababu ni nyingi: maradhi, maji machafu, mama kulemewa na kazi. Lakini mojawapo ni kwamba mtoto hupewa uji mtupu asubuhi na jioni, na katikati hupewa cho chote kitakachonyamazisha kilio. Tumbo lake ni dogo. Likijazwa sukari saa nne, saa saba halina nafasi ya maharagwe.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2023 kuhusu watoto wa miezi 6 hadi 23: vinywaji vyenye sukari wasipewe kabisa, na nyama, samaki au mayai, pamoja na matunda na mboga, wale kila siku.

Wako watakaosema, "Hayo ni mambo ya wenye fedha." Sikubali. Fedha niliyoitoa pale Msamvu ingenunua ndizi mbivu na viazi, na chenji ningerudishiwa. Ndizi ina ganda lake, haihitaji karatasi ya kiwanda. Kiazi kitamu chenye nyama ya rangi ya chungwa kina vitamini A ambayo kiazi cheupe hakina. Kichemshwe, kikatwe vipande laini vya kushikika kwa vidole. Yai lililochemshwa likae ndani ya ganda lake mpaka saa ya kulila. Na parachichi! Yanalimwa Iringa na Njombe, yanasafirishwa mpaka Ulaya kulisha watoto wa wenzetu, na hapa mtoto wa mkulima yule yule anatafuna biskuti. Jambo hili laniuma kuliko ile kanzu.

Maziwa ya mama nayo yasisahauliwe, kwani yafaa mtoto aendelee kunyonya mpaka afikishe miaka miwili na hata zaidi, nayo hayamwagiki njiani. Kiu ya ziada iondolewe kwa maji yaliyochemshwa.

Nina onyo juu ya karanga, maana tunazipenda. Karanga nzima zaweza kumkaba mtoto mdogo akafa mikononi mwa mama yake, na basi likirukaruka hatari huzidi. Zitwangwe ziwe laini, zichanganywe na ndizi au uji mzito. Zilizoota ukungu zitupwe, asipewe mtoto wala kuku. Sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Sasa nawageukia wanaume wenzangu. Ni sisi tunaorudi jioni na pipi mfukoni ili tuitwe baba mwema. Ni sisi tunaoagiza soda za watoto kwenye mikutano na harusi, kisha tunamlaumu mama kuwa mtoto hali. Mama amekwisha amka alfajiri kuchemsha viazi. Asivunjwe moyo na mkono wetu dirishani.

Binti yangu ameniambia kuwa safari ya kurudi mfuko wa chakula atashika yeye, na mimi nitampakata mtoto. Nimekubali.