Wazee Wetu Tumewapa Viti, Nafasi Je?



Kila ifikapo tarehe 1 Oktoba, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1990 kwa ajili ya wazee, vigango vyetu vingi hapa Chamwino hufanya jambo jema. Wazee hukusanywa, huketishwa mbele kivulini, hugawiwa sukari, sabuni na pengine kanga, kisha husikiliza hotuba. Hatuna nia ya kuwavunja moyo wanaoiandaa siku hiyo. Lakini mwaka jana, katika kigango kimojawapo, tulishuhudia jambo lililotusumbua. Miongoni mwa walioketi kivulini walikuwamo akina mama wanne ambao katika ujana wao walijulikana kijiji hata kijiji kwa kupiga muheme. Muziki wa siku ile ulitoka katika kinanda cha umeme kilichokodiwa mjini. Umeme ulipokatika, sherehe ilinyamaza karibu saa nzima, wala hakuna aliyekumbuka kuwauliza akina mama wale kama wangependa kutusaidia. Nasi tulikuwapo, tukingoja umeme urudi.

Wageni wanaotutembelea hushangaa kuona kwamba katika Ugogo wapiga ngoma ni wanawake. Mama husimama, ngoma ameibana katikati ya mapaja, huku mikono yake ikijibizana na mikono ya wenzake, na ngoma kubwa ikiongoza. Hilo halijifunzwi kwa wiki mbili. Huhitaji sikio lililolelewa, na kumbukumbu ya nyimbo ambazo hazikuandikwa popote. Kadhalika zeze, filimbi na ilimba. Marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa kijiji cha Doduma, aliitwa na Mwalimu Nyerere aende kuishi na kufanya kazi Dar es Salaam kwa sababu ya kipaji hicho, na hadi alipofariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003, sauti yake ilikwisha sikika Ulaya na kwingineko. Albamu yake iitwayo Chibite ilitoka mwaka 1996, naye akiwa anaukaribia umri wa miaka 60, umri ambao sisi humwambia mtu akapumzike.

Yapo yanayopaswa kusemwa wazi. Muheme ulifungamana na jando na unyago, na unyago ulifungamana na kisu. Wamisionari wengi waliikataa ngoma kwa sababu ya kisu, na sheria ya mwaka 1998 ikapiga marufuku ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18. Sheria hiyo tunaiunga mkono bila kigugumizi, wala hatumsifu mzee kwa kila alilolifanya eti kwa kuwa ana mvi. Lakini ngoma imekwisha tengana na kisu. Leo hupigwa uwanjani mbele ya watu wote, na tangu mwaka 2009 Kituo cha Sanaa Chamwino kimekuwa kikiandaa Tamasha la Muziki wa Cigogo, ambako vikundi vya vijijini husikilizwa kwa heshima. Yafaa tujiulize kwa nini heshima hiyo haijaingia katika uwanja wa kanisa letu.

Tukiacha ngoma, upo pia ujuzi wa kuishi katika nchi hii kavu. Wazee walio nasi walisimuliwa na wazazi wao habari za Mtunya, ile njaa kuu ya mwaka 1917 hadi 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya vita kuchukua ng'ombe na nafaka za watu. Kutokana na masimulizi hayo walijifunza kuichagua mbegu ya uwele ingali shambani, suke kwa suke, na kutokula akiba ya mbegu hata tumbo likilia. Bwana shamba kijana ana elimu yake, nasi tunamhitaji. Lakini tungefurahi kumwona akiketi na bibi mmoja kabla hajaanza semina.

Sasa tuje kwenye haki, maana ndiyo kazi ya Tume hii. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, na hasa tangu Ikulu mpya ya hapa Chamwino ilipozinduliwa tarehe 20 Mei 2023, wageni wamekuwa wengi na ngoma huitwa mara kwa mara. Tumeona katika shughuli zaidi ya moja mwenye spika akilipwa kabla hajafunga waya, na akina mama waliopiga ngoma juani tangu asubuhi wakipewa soda na kushukuriwa kwa kudumisha mila. Shukrani hainunui chumvi. Wengi wa mama hao wamelima maisha yao yote bila kuwa na mfuko wowote wa pensheni. Wenzetu wa Zanzibar wamekuwa wakiwalipa pensheni wazee wa miaka 70 na zaidi tangu Aprili 2016, hata wasiochangia. Kwetu huku, kumlipa mzee ujira wa kazi aliyoifanya ni jambo lisilohitaji kusubiri Bunge.

Tena mzee asiye na nafasi huwa katika hatari. Bibi ambaye hakuna anayemtembelea ili ajifunze kitu kwake, ndiye ambaye siku mtoto wa jirani akiugua, watu huanza kuyatazama macho yake mekundu. Wekundu huo mara nyingi ni moshi wa kuni au ugonjwa wa vikope, ulioutesa mkoa wetu kwa miaka mingi. Bibi mwenye wanafunzi mlangoni pake hasingiziwi kwa urahisi.

Jumuiya mbili ndogo ndogo za kwetu zimekubaliana yafuatayo. Fedha za kukodi kinanda mwaka huu zitakuwa ujira wa akina mama wale wanne, nao watawafundisha watoto kila Jumamosi alasiri chini ya mkwaju ulio nyuma ya kanisa. Baadhi ya wanakwaya wamenung'unika. Tumewaalika waje wasikilize kwanza. Mafunzo yalipaswa kuanza wiki iliyopita, lakini ngoma mbili kati ya nne zimepasuka ngozi kwa kukaa stoo muda mrefu, na fundi anayejua kuziwamba ni mzee wa kigango cha jirani ambaye hawezi kutembea mwendo mrefu. Mwenye baiskeli au bodaboda atakayekuwa tayari kumfuata siku ya Ijumaa amwone katekista.